Kuvuka pisti na kufanya kazi kando ya ndege: mwongozo kwa anayeanza tarmakini

Kijana mmoja niliyepewa nimfundishe pale Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, alikuwa dereva mzuri kuliko mimi. Miaka minne aliendesha taksi-basi kutoka Kenya, komini ya hapahapa Lubumbashi, hadi mjini, na mtu aliyepita njia hiyo kila jioni bila kung'olewa kioo cha pembeni hana haja ya kufundishwa usukani. Siku ya tatu tukafika kwenye mistari ya njano, kabla ya pisti, pale ndege zinaporukia na kutua. Akapunguza mwendo, akatazama kushoto, akatazama kulia, akaachia breki taratibu. Nikavuta breki ya mkono, gari likazimika. Akanigeukia kwa mshangao wa kweli.

"Papa, njia iko wazi. Avio haiko."

Ni kweli, ndege haikuwako. Ile ya Addis ilitua dakika chache baadaye. Ila alichokifanya ndicho kinachoua watu kwenye viwanja vya ndege: aliyaomba macho ruhusa ambayo macho hayana. Mjini, macho yako ndiyo yanayokuambia pita. Pistini ruhusa inatoka mnarani kwa mwongoza ndege, kwa sauti, ikiwa na jina lako na jina la pisti, na macho yanakuja mwisho kuhakikisha kwamba aliyekuruhusu hakukosea.

Nawaandikia wanaoanza: dereva wa trekta ya mizigo, mtu wa mafuta, fundi wa taa, mkata majani, mzima moto. Nikisema pisti ni ile njia ya kurukia na kutua, tarmaki ni uwanda ndege zinapoegeshwa, na taksiwei ni barabara ya ndege inayounganisha viwili hivyo. Kila uwanja una kanuni zake za ndani. Kwetu Kongo anayesimamia viwanja hivi ni Régie des Voies Aériennes, na kanuni zake ziko juu ya lolote nitakalosema hapa.

Sekunde 25

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu mengine yote yanasikika kama ukali wa wazee.

Pisti ya Luano ina urefu wa mita 3,200 hivi. Ndege ya ukubwa wa Boeing 737 hugusa lami ikiwa na kasi ya karibu kilomita 250 kwa saa, yaani mita 70 kila sekunde. Na Lubumbashi iko juu, karibu mita 1,300 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, kwa hiyo kasi ileile anayoisoma rubani kwenye saa yake inazidi kwa kama asilimia 7 ukiipima juu ya ardhi, na katika joto la Oktoba inazidi tena.

Sasa wewe. Kwenye pisti kubwa zenye vyombo vya kuongozea ndege, mstari wa kusubiri huwekwa mita 90 hivi kutoka katikati ya pisti. Toka mstari wa huku hadi wa kule ni mita 180. Ukianza umesimama, ukafika kilomita 30 kwa saa, utatumia sekunde 25. Katika sekunde hizo ndege imeshakula mita 1,750, zaidi ya nusu ya Luano yote. Hiyo ni kama gari halijazimika. Letu lilizimika.

Halafu kuna ujanja wa macho. Ndege inayokuja moja kwa moja upande wako haionekani kusogea. Ni taa moja juu ya miti, imetulia kama nyota ya alfajiri. Taa inayohama kwenda pembeni ina safari zake. Ile iliyotulia ndiyo yako.

Kabla hujawasha gari

Jua unakwenda kufanya nini, wapi, kwa njia ipi, na nani mnarani anajua kwamba unakuja. Jaribu redio ukiwa bado tarmakini: ita, usikie unajibiwa. Taa ya juu ya gari iwake. Muziki uzime, simu iache mfukoni, vioo viteremshwe kidogo ili usikie injini.

Zunguka gari mara moja. Nati iliyolegea kwenye tela, chupa ya maji nyuma, kamba inayoburuta, vyote hivyo vitadondoka mahali pabaya. Tarehe 25 Julai 2000, karibu na Paris, Concorde ilikanyaga ukanda wa titani wa sentimita 43 hivi ulioanguka kutoka ndege iliyoruka kabla yake. Tairi likapasuka, vipande vikapiga tangi la mafuta, watu 113 wakafa. Ukanda wenyewe ungeubeba kwapani.

Kando ya ndege iliyosimama

Watu wengi wa tarmakini hawatavuka pisti maisha yao yote, lakini kila siku wanapita mbele ya injini. Kwa hiyo hapa tukae kidogo.

Tazama taa nyekundu inayomweka chini ya tumbo la ndege na juu ya mgongo wake. Ikiwa inamweka, injini inazunguka au iko karibu kuzungushwa. Usisogee. Usisogee hata kama ndege imesimama, hata kama ngazi iko tayari, hata kama mkubwa wako anaangalia saa. Subiri taa izime, subiri mwenye zamu ya kabari aziweke kwenye matairi na kutoa ishara. Ndipo koni zinawekwa, ndipo mizigo inafuata.

Tarehe 31 Desemba 2022, huko Montgomery katika jimbo la Alabama, Marekani, mfanyakazi wa tarmaki alivutwa ndani ya injini ya Embraer 175 na kufa. Ndege ilikuwa imeshaegeshwa. Injini yake ndogo ya umeme ilikuwa haifanyi kazi, kwa hiyo marubani waliacha injini moja kubwa ikizunguka wakisubiri umeme wa nje. Taa nyekundu ilikuwa ikimweka. Na kabla ndege haijafika, kikosi kilikuwa kimekumbushana mara mbili kwamba injini zitabaki zinazunguka. Mara mbili! Ndiyo maana simwamini mtu anayeniambia "mimi ninajua." Kujua hakuzuii mguu uliozoea.

Injini ya 737 ikiwa inapumua tu, eneo la kuvuta mbele yake ni mita 3 hivi. Ikiongezwa nguvu ni zaidi ya 4. Mimi vijana nawaambia wahesabu 8, kwa sababu hakuna anayepima kwa futi akiwa na haraka. Nyuma yake kuna upepo wa moto unaoweza kumwangusha mtu na kulisukuma tela tupu kama kikapu. Ndege ikianza kutoka kwenye maegesho inaongeza nguvu kidogo ili iachane na ardhi, na sekunde hizo ndizo mbaya. Usipite nyuma yake kwa gari wala kwa miguu.

Kwetu, hata hivyo, ninayoiogopa zaidi ni helisi, lile panga linalozunguka na kuivuta ndege. Nusu ya nchi hii inasafiri kwa ndege ndogo za panga: Caravan, Let 410, na nyingine za umri wa baba yangu. Helisi ikizunguka kwa kasi inatoweka machoni. Unaona mng'ao tu, na jua likiwa nyuma yako hata mng'ao huuoni. Ikisimama inakuwa kama kipande cha chuma kisicho na kazi, na mtu anaegemea. Usipite kwenye duara la helisi, iwe inazunguka au imelala. Pita kwingine, kila siku, hadi miguu ikariri. Kwenye Caravan panga liko puani, kwa hiyo njoo kutoka nyuma ya bawa. Kwenye Let 410 yako mawili mbele ya mabawa na mlango wa abiria uko nyuma kushoto, kwa hiyo abiria waje kutoka upande wa mkia.

Abiria wasiachwe watembee wenyewe. Mama ana mzigo kichwani, mtoto mmoja mgongoni, mwingine mkononi. Anauona mlango, haoni kitu kingine. Mtu mmoja awatangulie, mmoja asimame kati yao na panga, watoto washikwe mkono na si kwa nguo. Niliwahi kumwona mwanaume mzima, msomi, mwenye suti, akiifukuza kofia yake iliyopeperushwa kuelekea ndege iliyokuwa ikiwasha. Tulimkamata kiunoni watu wawili. Akatukasirikia kwanza, kwa sababu ya suti.

Kofia ikipeperuka, iache. Itapatikana.

Kusoma rangi

Mistari ya njano ni ya taksiwei. Mistari myeupe ni ya pisti, ukitoa ile ya barabara za magari tarmakini. Ukijiona juu ya alama kubwa nyeupe na hukumbuki nani alikuruhusu, umeshaingia.

Mstari wa kusubiri ni wa njano, na kwa kweli ni mistari minne sambamba: miwili mizima, miwili iliyokatika. Ukiukuta mzima upande wako, huo ni ukuta. Simama kabla yake, pua ya gari isiuguse. Ukiukuta uliokatika upande wako, basi uko upande wa pisti, na huo ni mlango wa kutokea; toka.

Vibao ni vitatu vya kukumbuka. Chekundu chenye maandishi meupe ni amri: zaidi ya hapa ni kwa ruhusa tu. Cheusi chenye maandishi ya njano kinakuambia ulipo. Cha njano chenye maandishi meusi kinakuambia njia ile inakwenda wapi. Vijana wanachanganya viwili hivi vya mwisho hata baada ya mwezi, kwa hiyo usione aibu kuuliza.

Namba za pisti si siri. Ni mwelekeo wa dira ukikata sifuri ya mwisho. 07 ni digrii 70 hivi, karibu na mashariki. Ukiitazama pisti hiyohiyo kutoka upande wa pili ni 25, yaani 250. Kibao kikisomeka 07-25, kichwa cha 07 kiko kushoto kwako na cha 25 kulia. Dereva akijua hilo, sauti ya mnara ikisema ndege iko mwisho wa 25, shingo yake inageuka upande sahihi.

Usiku, kingo za taksiwei ni taa za buluu, katikati yake kijani pale zilipowekwa, na kingo za pisti ni nyeupe. Kwenye viwanja vikubwa utakuta jozi za taa za njano zinazopokezana kumweka pembeni mwa mstari wa kusubiri. Zinakuambia pisti iko hapa mbele. Na utakuta safu ya taa nyekundu iliyokatiza njia. Hiyo haivukwi ikiwa inawaka. Mnara ukisema vuka na nyekundu bado ziko, usivuke. Uliza.

Rangi nazo zinazeeka. Kiangazi vumbi letu jekundu linafunika mistari, masika matope yanaifunika tena. Huko Linate, Milan, tarehe 8 Oktoba 2001, ndege ndogo ya Cessna ilishika taksiwei isiyo yake katikati ya ukungu, ikaingia pistini mbele ya MD-87 iliyokuwa inaruka. Walikufa watu 118, wanne kati yao wakiwa chini uwanjani. Alama za uwanja zilikuwa duni na rada ya ardhini haikuwa ikifanya kazi. Kwa hiyo ukiona kibao kimelala au mstari umefutika, ripoti siku hiyohiyo, usingoje wa zamu nyingine aone.

Redioni

Kazini tunasema Kiswahili, redioni ni Kifaransa, na ndege za nje zinakuja na Kiingereza chao. Dereva si lazima ajue lugha zote tatu kwa kuzungumza hadithi, ila maneno machache lazima ayasikie hata akiamshwa usingizini. "Maintenez avant piste" maana yake simama kabla ya pisti. "Traversez" ni vuka. "Dégagez" ni toka. Na unapomaliza unasema "piste dégagée", pisti imeachwa wazi.

Sema nani, uko wapi, unataka nini. Mfano, kwa maana yake: mnara wa Luano, gari la matengenezo namba tatu, kwenye mstari wa kusubiri upande wa tarmaki, naomba kuvuka pisti 07. Kisha nyamaza usikilize. Ukijibiwa, rudia agizo lote pamoja na jina lako na namba ya pisti. "Reçu" si jibu. "OK" si jibu. Kubonyeza redio mara mbili, tik-tik, kama tulivyozoea kwenye motorola za walinzi, si jibu kabisa. Mwongoza ndege anataka kusikia sikio lako limeshika nini, ili kama limeshika vibaya akurekebishe ungali nyuma ya mstari.

Huko Tenerife, tarehe 27 Machi 1977, Boeing 747 mbili ziligongana pistini kwenye ukungu na watu 583 wakafa. Hakuna ajali ya ndege iliyoua zaidi ya hiyo. Rubani mmoja alianza kuruka bila ruhusa, huku mnara na ndege ya pili wakisema kwa wakati mmoja, na maneno yao yakafika kama mluzi. Redio hizi ndivyo zilivyo: wawili wakizungumza pamoja, wa tatu hasikii kitu. Ukisikia mluzi, chukulia kwamba hukuambiwa lolote.

Haneda, Tokyo, tarehe 2 Januari 2024. Mnara uliiambia ndege ya walinzi wa pwani kwamba ni namba moja, isogee hadi mahali pa kusubiri. Ikaingia pistini, ikakaa sekunde 40 hivi, Airbus A350 ikatua juu yake. Watu wote 379 wa Airbus walitoka hai. Wa walinzi wa pwani walikufa watano kati ya sita. Namba moja ni nafasi kwenye foleni. Hakuna aliyesema ingia. Dereva wetu ana maneno ya namna hiyo pia: "endelea", "uko tayari", "ni zamu yako". Yote hayo si "vuka".

Na kuhusu lugha: tarehe 25 Mei 2000, uwanja wa Charles de Gaulle, mnara uliipa MD-83 ruhusa ya kuruka kwa Kifaransa, na Shorts 330 ruhusa ya kuingia pisti ileile kwa Kiingereza, ukidhani iko mahali pengine. Waingereza ndani ya Shorts hawakuweza kuelewa kwamba wa nyuma yao ameambiwa aruke. Rubani msaidizi wao alikufa. Ninaposikia vijana wanasema mambo ya Kifaransa na Kiingereza ni ya marubani, nawapa kisa hiki. Hata kama huelewi sentensi, jifunze kuisikia namba ya pisti katika lugha zote mbili. Ukiisikia imetajwa kwa mwingine nawe uko kwenye mstari wake, ngoja.

Kuvuka

1. Simama kabla ya mstari mzima. Breki ya mkono juu. Injini inazunguka, mikono haina kitu.

2. Omba. Andika ulichojibiwa. Kikaratasi kwenye dashibodi kinatosha. Mimi niliandika kiganjani hadi mke wangu akaniuliza 07 ni nani.

3. Rudia agizo kwa mnara, neno kwa neno.

4. Kama mko wawili, mwulize mwenzako: "Umesikia nini?" Usimwulize "Umesikia?", maana kila mtu atasema ndiyo. Akikuambia tofauti na ulivyosikia, hamvuki; mnaita tena.

5. Sasa tazama. Kichwa cha kushoto, kichwa cha kulia, juu ya vichwa vyote viwili. Ukiona ndege inakuja au taa iliyotulia, usivuke hata kama umeruhusiwa. Aliye mnarani ni binadamu kama wewe, naye ana zamu ndefu.

6. Vuka moja kwa moja, gia moja, mwendo mmoja. Husimami kuokota kitu. Ukiona kitu pistini, toka kwanza, kisha kiripoti uulize ruhusa ya kurudi.

7. Ukifika ng'ambo, pita mstari wote wa kusubiri, wewe na kila unachokivuta. Ndipo useme umetoka.

Hiyo ya saba ndiyo iliyonipata. Mwaka wangu wa pili nilikuwa navuta mashine ya kukata majani. Nikavuka vizuri, nikaona mstari unapita chini ya mlango wangu, nikasema pisti iko wazi. Trekta lilikuwa nje. Mashine, mita tano na zaidi nyuma yangu, ilikuwa bado ndani. Mnara ukampa ruhusa ya kutua mmoja wa zile ndege ndogo za migodi. Haikugusa chochote, ilipita mbali. Lakini mimi nilitazama nyuma na kuona majani makavu kwenye mashine yangu yakitikisika kwa upepo wake, na mpaka leo nikivuka na gari dogo lisilo na tela bado nageuka.

Sehemu nilikokuwa nafanya kazi wakati huo ilikuwa inakata siku tatu za mshahara kwa kila kosa lililoripotiwa. Unadhani niliripoti? Nitarudi hapo.

Kitu kimoja kuhusu viwanja vyetu. Pengi hakuna taksiwei ndefu inayokwenda sambamba na pisti, kwa hiyo ndege ikitaka kufika kichwani inatembea juu ya pisti yenyewe, kisha inageuka. Ukiiona inakwenda polepole ikikuacha, usijisemee imeshapita. Inakwenda kugeuza ili irudi mbio.

Na zoezi si ruhusa. Lima, Peru, tarehe 18 Novemba 2022: magari ya zimamoto yaliingia pistini katika zoezi la kupima wataitikia kwa haraka gani, Airbus A320neo ikiwa katikati ya kuruka. Wazima moto wawili walikufa palepale. Abiria wote wa ndege walipona. Watu walijua kuna zoezi siku hiyo. Kuingia pistini kunaombwa peke yake, dakika ileile, hata kama king'ora kinalia.

Redio ikinyamaza

Kabla ya kuvuka: huvuki. Rudi tarmakini. Ikinyamaza ukiwa tayari ndani, maliza kutoka kwa njia iliyo karibu zaidi, pita mstari, kisha geuza uso wa gari uelekee mnara. Watakupigia taa:

- nyekundu isiyomweka: simama;
- kijani inayomweka: unaruhusiwa kuvuka, au kuingia taksiwei;
- nyekundu inayomweka: toka pistini au kwenye taksiwei, na ujihadhari na ndege;
- nyeupe inayomweka: ondoka eneo lote la ndege kwa kufuata kanuni za uwanja.

Taa za pisti zenyewe zikianza kuzimwa na kuwashwa, hapo wanawaambia wote walioko pistini watoke na kutazama mnara. Bandika orodha hii kwenye kikinga jua cha gari. Siku utakayoihitaji hutaikumbuka.

Ukipotea, au gari likifa

Kama hujui uliko na hauko pistini, simama, sema "nimepotea", eleza unachokiona: kibao gani, taa za rangi gani. Kama unahisi uko pistini, toka kwanza, hata kwa kukanyaga majani, upite mstari, ndipo uite. Usianze mjadala ukiwa juu ya rangi nyeupe.

Gari likifa pistini, neno la kwanza ni redioni, kabla ya ufunguo. Taarifa ikifika mnarani ndege inaambiwa ipande tena, na una muda. Kisha washa taa zote, shusha watu, waende pembeni mbali, ndipo mjaribu kusukuma. Nimeona watu wakifungua boneti kwanza. Boneti!

Mvua, usiku, moshi

Mvua ya Januari ikishuka, mnara haukuoni. Agosti na Septemba, watu wakichoma nyika, ni vilevile, tena moshi unakaa chini kabisa palepale taa ya ndege inapotokea. Siku hizo kazi inayoweza kungoja ingoje. Ile isiyongoja, nenda polepole, na kila mara unaposimama sema ulipo.

Wanaoishi karibu na ukuta

Goma wanalijua hili kuliko sisi. Uwanja wao uko katikati ya nyumba. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipolipuka, lava ilifunika karibu theluthi moja ya pisti upande wa kaskazini. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya DC-9 ilishindwa kuruka, ikapita mwisho wa pisti ikaingia Birere, kwenye soko na nyumba za watu. Tundu kwenye uzio linaonekana kama njia ya mkato ya kwenda kuchota maji au kufuata mbuzi, na anayepita hapo hana redio wala hakuna anayemjua jina. Ukiliona tundu, usiridhike kumfukuza mtoto. Piga picha, peleka kwa mkuu wa usalama, rudi wiki ijayo uangalie kama limezibwa.

Ukikosea

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linahesabu kama uvamizi wa pisti kila ndege, gari au mtu aliyekuwepo isivyo sahihi kwenye eneo linalolindwa la pisti. Haisemi mpaka kugongana. Mashine yangu ya majani ilikuwa uvamizi kamili. Kwa hiyo sema: mnarani mara hiyo, kwa mkuu wako siku hiyo, kwa maandishi, saa ngapi, wapi, ulisikia nini, ulisema nini. Usiandike "kwa bahati mbaya". Andika mstari ulikuwa wapi na tairi lilikuwa wapi.

Na wewe mkuu unayesoma hili: mkate mtu mshahara kwa kosa alilokuletea mwenyewe, na la pili hutaliona kamwe. Mimi nilikaa na la kwangu miaka sita. Katika miaka hiyo wenzangu wawili walifanya lilelile, mashine ileile, mahali palepale, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba mlango wa trekta si mkia wa tela. Baadaye mtu mmoja alipaka alama nyekundu mita kumi na mbili ng'ambo ya mstari, palepale pua ya trekta inapotakiwa kufika ili mkia uwe nje. Kazi ya kopo moja la rangi.

Yule kijana wa taksi-basi alivuka peke yake siku ya kumi na moja, anavuta tela la vyuma vya taa. Nilikuwa nyuma ya mstari na motorola sikioni. Aliomba, akarudia, akageuza shingo mara tatu, akavuka. Ng'ambo akasimama, na redio ikakaa kimya. Sekunde tano, kumi. Nikamwona ameinama kwenye kile kioo cha pembeni, akakisogeza kwa mkono, akatazama tena. Akaenda mbele kama hatua nne zaidi. Ndipo sauti yake ikatoka: "Piste dégagée."